Mkono wa Mtu, Kazi ya Mungu

Jumapili ya Novemba 15, 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lililoporomoka Nyangalata, Kahama, mkoani Shinyanga. Walikuwa wamefukiwa tangu Oktoba 5. Ni siku 41. Huku juu nchi ilikuwa imepiga kura na kumwapisha rais mpya. Wao walikuwa chini, gizani, wakila mizizi, magome ya miti, mende na vyura, wakikinga kwa kofia za kazi maji yaliyodondoka kwenye mwamba. Mwanzoni walikuwa sita. Mmoja alifia humo humo, pembeni mwa wenzake.

Habari ilipotoka, neno lililokuwa midomoni mwa watu ni muujiza. Silipingi. Mtu akikaa kaburini siku 41 akatoka akisimulia, huna wa kumshukuru ila Mungu. Lakini yule wa sita naye ana kwao. Muujiza wa watano ukishatangazwa kanisani, ndugu za huyo wa sita waliokaa benchi la nyuma waambiwe nini? Kwamba hawakuomba vya kutosha? Kwamba marehemu alipungukiwa imani? Swali hilo halijibiwi kwa vigelegele, na mahali pasipo na jibu lake ndipo watu wanapoanza kuondoka kanisani mmoja mmoja, bila ugomvi, bila kuaga.

Kwenye misiba ya Usukumani, na misiba ya Watanzania kwa jumla, kauli mbili hupishana. Moja husemwa hadharani, na mzee au kiongozi wa dini: kazi ya Mungu haina makosa. Nyingine husemwa pembeni, wanaume wakiota moto, akina mama wakiosha masufuria: si bure, hapa kuna mkono wa mtu. Mtu mmoja anaweza kuzisema zote mbili usiku mmoja asione mgongano wowote. Mimi naona kwamba katika ukanda wetu wa almasi na dhahabu, kuanzia Mwadui, Kahama, mpaka Geita, kauli hizi zimebadilishana nafasi. Tunautafuta mkono wa mtu pale usipokuwepo, kisha tunamtwisha Mungu mambo ambayo mkono wa mtu unaonekana ndani yake waziwazi, mara nyingine ukiwa na saini na muhuri. Mkristo aliyebanwa katikati ya makosa hayo mawili akiona imani yake inalegea, simlaumu.

Turudi nyuma miezi minane kabla ya Nyangalata, wilaya ile ile. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliipiga Mwakata. Watu 42 walikufa, wengine wakiwa watoto waliolala, kuta za tope zilipowaangukia. Mifugo ilikufa na mazao yakafutika shambani. Hakuna aliyeituma mvua ile. Haikuchagua nyumba ya mlevi ikaiacha ya mwanakwaya.

Msiba wa namna hiyo ndio mgumu kuliko yote kwa anayeamini, kwa sababu hauna wa kumshika. Akili ya binadamu haivumilii pengo. Ikikosa mkosaji itamtengeneza. Na kwetu watengenezaji hawakosekani. Yupo mpiga ramli atakayekuonyesha jirani, mke mwenza au bibi wa nyumba ya tatu. Yupo pia mhubiri mwenye spika kubwa atakayekwambia kuna roho ya ukoo inayokufuatilia, au kuna dhambi hujaitubu, au sadaka yako ilikuwa ndogo. Najua wahubiri wengi wa machimboni ni watu wa kweli, wanaokula dagaa pamoja na waumini wao na kuwazika. Siwasemi hao. Nawasema wanaouza jibu. Mpiga ramli na muuza upako wanachukiana hadharani, lakini bidhaa yao ni moja: wote wanachukua fedha kwanza, wote wanataja adui, na wote wanamwacha mfiwa akiwa na hofu zaidi ya aliyokuja nayo.

Gharama ya bidhaa hiyo Usukumani imelipwa kwa damu. Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandika kwa kina juu ya mauaji haya, anaonyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo ilikuwa Usukumani. Kikongwe alihukumiwa kwa macho yake mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Bibi wa Shinyanga alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, maana kuni hazikuwepo. Na kuni hazikuwepo kwa sababu tangu enzi za mkoloni miti ilifyekwa kwa maelfu ya ekari kuua mbung'o na kupisha pamba. Hadi Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, na watu wakaanza kurudisha ngitili zao, yaani malisho yaliyotengwa, vichaka vikaota tena, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki wazi kama kiganja. Kwa hiyo mkono wa mtu ulikuwepo kweli katika macho ya yule bibi. Ulikuwa mkono ulioandika sera ya ardhi miaka mingi kabla, na hakuna aliyeufuata na panga.

Kisha dhahabu ilipopanda bei, ikaja zamu ya watu wenye ualbino. Watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walichapisha mwaka 2010 utafiti unaounganisha mauaji hayo na hofu za wachimbaji wadogo: mtu anashuka duarani kila siku, mwenzake anapata na yeye hapati, hakuna sababu inayoonekana, naye anaanza kununua bahati. Mwanzoni mwa 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Machi mwaka huo, siku chache tu baada ya Mwakata, Mahakama Kuu iliwahukumu kunyongwa watu wanne kwa kumuua mwanamke mwenye ualbino wilayani Geita mwaka 2008. Mmoja wao alikuwa mume wa marehemu. Wakati huo kituo cha Buhangija, manispaa ya Shinyanga, kilikuwa kimejaa mamia ya watoto wenye ualbino waliotolewa kwao ili wabaki hai. Mtoto wa miaka mitano kulelewa nyuma ya ukuta kwa sababu nyumbani kwao si salama, katika mkoa wenye makanisa kila kona: sijui swali la imani lililo zito kuliko hilo.

Injili inalo neno juu ya jambo hili, na ni neno linalowanyima soko wauza majibu. Katika sura ya 9 ya Yohana wanafunzi wanakutana na mtu aliyezaliwa kipofu, na kabla hata ya kumsalimu wanataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Ni swali letu lile lile la pembeni ya moto. Yesu anakataa yote mawili. Katika sura ya 13 ya Luka anakwenda mbali zaidi. Watu wanamletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa kwenye sadaka zao, na yeye mwenyewe anaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Matukio mawili, moja la mtawala muuaji, jingine la jengo lililoporomoka. Anauliza kama waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine, na anajibu mwenyewe kwamba la. Kisha anawageukia walio hai na kuwaambia watubu.

Kwa mtu wa Nyangalata, Siloamu si hadithi ya mbali. Ni duara. Na agizo la kutubu halielekezwi kwa marehemu. Linaelekezwa kwa sisi tuliobaki juu, tunaojua mnara ulijengwaje.

Hebu tulitazame duara lenyewe. Ni shimo jembamba, mara nyingi upana wake unamtosha mtu mmoja kupanua viwiko. Mchimbaji anashuka kwa kamba au kwa kukanyaga matimba, yaani magogo yaliyokingamishwa kati ya ukuta na ukuta ili udongo usifunge. Kichwani ana tochi, mkononi ana moko na nyundo. Chini, shimo linapinda kufuata mkanda wa mawe yenye dhahabu, na huko ndani watu wanachimba wamepiga magoti au wamelala ubavu. Mawe yanapandishwa kwenye viroba, yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa mwaloni, yanakamatwa kwa zebaki, na mwisho ni mgao: mwenye leseni, mwenye duara, mwenye karasha, kisha wale walioshuka. Matimba hununuliwa. Mti unatoka mbali na bei yake inapanda. Duara linapokuwa halijatoa kitu kwa miezi mitatu na mwenye duara anadaiwa hadi unga wa ugali, matumizi ya kwanza kupunguzwa ni matimba. Mvua za Novemba zikiingia, udongo unalainika.

Katikati ya kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kuna maelezo ya kazi hii hii. Mwandishi anawaeleza watu wanaochimba njia mahali pasipokaa watu, wananing'inia mbali na wenzao, wanaipeleka taa hadi kwenye giza la mwisho, wanaitoa dhahabu kwenye mavumbi. Anawasifu kwa ujasiri wao, halafu anauliza hekima nayo inachimbwa wapi, na anakiri kwamba bei yake hailipiki kwa dhahabu safi. Ninaposoma sura hiyo nashangaa kwa nini haisikiki zaidi kwenye makanisa ya machimboni, Nyarugusu, Rwamagasa na Kakola. Kitabu kizima kinamhusu mtu aliyepoteza watoto kwa nyumba kuangushwa na upepo, kama Mwakata, na mali kwa kuvamiwa, kama machimbo mengi. Marafiki zake wanamtetea Mungu kwa hoja zilizopangwa vizuri: umekosa mahali, jichunguze. Ayubu anakataa. Analalamika, anadai kesi isikilizwe, anamwambia Mungu maneno ambayo leo mzee wa kanisa angeyakatisha. Na mwishoni anayetangazwa kuwa amesema sawa ni yeye mlalamikaji, huku wale watetezi wakiamriwa kutoa sadaka ya kuteketezwa na kuomba waombewe.

Kwa hiyo shaka ya mtu aliyefiwa haitufukuzi kwenye Biblia. Imo ndani ya Biblia, imepewa sura zaidi ya 30. Kinachohitaji kutubiwa ni ile haraka yetu ya kumnyamazisha.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo kwangu ni baya zaidi kwa sababu huvaa kanzu ya ibada. Ni kusema kazi ya Mungu haina makosa juu ya kazi ambayo Mungu hakuifanya. Agosti 11, 2025, kwenye mgodi wa Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, watu 25 walifukiwa wakiwa kwenye ukarabati wa maduara. Wachache walitolewa hai. Uokoaji ukachukua wiki kadhaa, familia zikikaa pale mgodini kusubiri, kila mmoja akitumaini na kuogopa kusikia jina. Mwezi Januari 2017 huko Nyarugusu, Geita, ilikwenda tofauti: watu 15 walinaswa chini ya mgodi wa RZ, mawasiliano yakapatikana kwa bomba lililofikishwa walipo, na Jumapili ya Januari 29, baada ya siku tatu, wote wakatoka hai. Tofauti ya matukio haya tusiiweke kwenye hesabu ya sala. Mashine ilikuwa wapi, njia ya pili ya kutokea ilikuwepo au haikuwepo, nani alikagua na lini: haya yana majibu, na majibu yana wenyewe.

Tena kuna dhuluma ambayo haikuporomoka, ilitekelezwa. Mwaka 1994 eneo la Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa, lilipewa kampuni ya Kahama Mining iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Canada. Mwishoni mwa Julai 1996 wachimbaji waliamriwa kuondoka, na Agosti maduara yakaanza kufukiwa. Ikadaiwa kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni walikana, na mwaka 2002 mkaguzi wa malalamiko wa Benki ya Dunia alisema hakuona ushahidi wa madai hayo. Mawakili wa LEAT, shirika la wanasheria wa mazingira, waliodai uchunguzi huru, Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, walifunguliwa mashtaka ya uchochezi. Sina mamlaka ya kukata kesi hiyo hapa. Ninachojua, kwa sababu hakibishaniwi na yeyote, ni kwamba umati wa watu ulipoteza riziki kwa amri ya siku chache, na Kakola, jirani na mgodi huo, ikabaki na watu wazima ambao ukiwatajia mwaka 1996 wanabadilika sura. Geita nako, Julai 2007, familia za Mtakuja ziliondolewa na polisi baada ya mvutano na mgodi, zikaishia kwenye kambi ya muda ambayo watu wenyewe waliipa jina la Darfur. Mwadui, kampuni ya Petra Diamonds ilikubali mwaka 2021 kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya ukatili wa walinzi dhidi ya wananchi na wale vijana wanaoitwa wabeshi. Na Novemba 7, 2022, kingo za bwawa la tope la mgodi wa Mwadui zilipasuka na tope likavamia nyumba na mashamba.

Ukimwambia mtu wa kambi ya Darfur kwamba hiyo ni mipango ya Mungu, umemfundisha kwamba Mungu ana hisa mgodini. Asipokusadiki, bado ana nafasi ya kuokoka. Akikusadiki, anayo sababu nzuri ya kutomwabudu.

Kwa bahati njema viongozi wetu wa dini hawakusema hivyo siku zote. Machi 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, na Jumuiya ya Kikristo, CCT, walikaa pamoja na Baraza la Waislamu, BAKWATA, wakatoa ripoti juu ya dhahabu ya Tanzania, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu. Ilionyesha kwamba katika miaka mitano nchi iliuza nje dhahabu ya zaidi ya dola bilioni 2.5, huku Serikali ikipata wastani wa dola milioni 21.7 kwa mwaka kama mrabaha na kodi. Mrabaha wakati huo ulikuwa asilimia 3. Kamati ya Jaji Mark Bomani nayo ilikuwa kazini kipindi hicho hicho; sheria mpya ya 2010 ikaupandisha hadi asilimia 4, na marekebisho ya 2017 hadi 6. Sisemi ripoti ya maaskofu, wachungaji na masheikhe ndiyo peke yake iliyoleta hayo. Nasema kwamba mwaka ule watu wa imani walifungua vitabu vya hesabu na kusoma tarakimu kwa sauti, na kwamba hiyo ilikuwa ibada kamili, sawa na nyingine yoyote iliyofanyika mwezi ule.

Uzuri huo haukudumu kwa urahisi. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, mgogoro wa nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya buchani ulilipuka, na mchungaji wa kanisa la kipentekoste akauawa kwa kukatwa. Miaka mitano kabla, viongozi wa dini hizo hizo walikuwa wametia saini karatasi moja juu ya dhahabu. Chini kwenye vijiji, mahali ambapo dhahabu ilikuwa ikipita tu kuelekea kwingine, majirani waligombea nyama. Naliweka tukio hilo hapa kwa uchungu, kwa maana mkosaji wa karibu ni rahisi kumpata kuliko yule wa mbali, na Wakristo hatukuwa na kinga.

Miaka kumi baadaye Geita ilipata jeraha jingine. Usiku wa kuamkia Februari 26, 2023, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, kijana mmoja alivunja na kuingia kwenye Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Geita, akaharibu msalaba, sanamu na vitu vitakatifu. Askofu Flavian Kassala akalifunga kanisa kwa siku 20 za sala, toba na malipizi. Milango ikabaki imefungwa hadi Machi 18. Ukilifikiria jambo hili bila haraka, utaona ni kitu adimu. Taasisi nzima ilisema hadharani: tumeumizwa, hatutaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, tutasimama kwanza. Haikukimbilia kutafuta njama za dini jirani, na haikujifariji kwa kauli ya mkato. Iliomboleza kwa tarehe, kwa utaratibu, kwa sauti ya askofu.

Nimejiuliza tangu wakati huo kwa nini uwezo huo hatuutumii kwa watu. Kanisa linajua kufunga mlango wake siku 20 kwa ajili ya vitu vitakatifu vilivyoharibiwa. Linafundisha pia kwamba mwili wa mbatizwa ni hekalu. Duara likimeza vijana saba wa parokia moja, Jumapili inayofuata kwaya huimba kama kawaida, majina yanasomwa kwenye nia za Misa, na baada ya hapo ni mchango wa ujenzi. Simlaumu paroko mmoja mmoja, wengine wana vigango zaidi ya kumi na pikipiki moja. Ila maombolezo ya hadharani yangempa yule ndugu wa mchimbaji wa sita mahali pa kusimama na swali lake bila kuonekana mwasi. Zaburi za namna hiyo ni nyingi, na Yesu mwenyewe alikufa akiwa na moja midomoni, iliyo swali kwa Mungu kuhusu kuachwa.

Palipo na nguvu, kwa maoni yangu, ni chini kabisa, kwenye jumuiya ndogondogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki waliziweka mbele miaka ya 1970, na kwenye vikundi vya nyumba kwa nyumba vya KKKT na AICT vinavyofanya kazi ile ile kwa majina mengine. Mtu akifiwa, jumuiya haianzi na maelezo. Inaanza na maji. Ndoo zinaletwa, kuni zinaletwa, daftari la michango linafunguliwa, mtu mmoja anachukua watoto wa shule. Wiki ya tatu, wageni wakishaondoka na turubai likishakunjwa, jirani bado anapita jioni na bakuli la mchicha. Mjane akisema haji tena kwenye sala kwa sababu hana cha kumwambia Mungu, jumuiya yenye busara husalia nyumbani kwake zamu hiyo, naye akiwa jikoni akisikia. Hakuna anayemlazimisha kuitikia. Nimeona watu waliopitia mwaka mzima wa namna hiyo wakarudi, na wengine hawakurudi, na jumuiya haikuacha kuwapelekea mboga.

Huo ndio uvumilivu ninaouamini kuliko mahubiri mengi. Lakini hautoshi, kwa sababu jumuiya inayozika vizuri inaweza kuzoea kuzika. Jumuiya hiyo hiyo ina mwenye duara, ina mwenye karasha, ina kijana anayeshuka, mara nyingine ina mwenye leseni anayekaa benchi la mbele na kuchangia mabati. Wote wanapokea komunyo moja. Mwenye duara anayebana matimba hahitaji kutafutwa mbali. Jina lake limo kwenye daftari la zaka. Kuzungumza naye kabla ya mvua ni kazi ya kichungaji, na ni ngumu kuliko kumtolea pepo mtu asiyekuwepo.

Ofisi ya Afisa Madini Mkazi ina wakaguzi, na haina wakaguzi wa kutosha kukaa kwenye kila shimo. Kanisa liko kwenye kila shimo tayari. Kila Jumapili, kabla ya baraka ya mwisho, katibu wa parokia au mzee wa kanisa husimama na matangazo: ndoa zinazotarajiwa, mafundisho ya kipaimara, zamu ya usafi, michango ya mnara wa kengele. Kwa Oktoba na Novemba, kwenye parokia na sharika zote za machimboni kutoka Kakola hadi Nyarugusu, liongezwe tangazo moja lisomwe polepole: ni maduara gani yamekaguliwa na kuwekwa matimba mapya wiki hii, na ni yapi bado, kwa majina ya wenyewe.